Sikukutaja, Elia

Askari wawili waliingia dukani saa nne asubuhi, siku ya Jumatano, wakamkuta Somoe ameinamia saa ya mwalimu mmoja wa Mikindani, lenzi jichoni, kibano mkononi. Hakuinua uso mara moja. Springi ilikuwa nusu ndani, nusu nje. Aliituliza kwanza mahali pake, akaifunika saa kwa bilauri isiingie vumbi, ndipo akaitoa lenzi na kuwasalimu.

"Hapa ndipo kwa Athumani Mohamedi, fundi saa?" aliuliza mkubwa wao, sajini mwenye sauti ya upole.

"Ndipo. Ni baba yangu."

Mzee Athumani alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Mwaka wa tatu huu mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, lakini kila asubuhi Somoe alimleta hapo dukani, mtaa wa Chikongola, naye akaketi kusikiliza saa zake zikigonga ukutani. Leseni ilikuwa kwa jina lake. Muhuri wa risiti ulikuwa na jina lake. Watu wa Mtwara walisema wanapeleka saa kwa Mzee Athumani, ingawa kila mmoja alijua kwamba vidole vinavyozitengeneza sasa ni vya binti yake.

"Karibuni, wanangu," mzee alisema. "Ya nani imesimama?"

Sajini alitoa kitu kwenye leso, akakiweka juu ya meza. Ilikuwa saa ya mfukoni, nzito, ya dhahabu, mgongoni imechorwa mizabibu. Somoe aliijua saa ile kama anavyojua kanga zake. Ilitengenezwa Uswisi miaka themanini na minane iliyopita, ikatumiwa na Wareno ng'ambo ya Ruvuma, nao walipoondoka haraka mwaka wa sabini na tano wakaiacha na vitu vyao vingine. Siku hizo saa za namna hiyo zilikuwa zikivuka mto kuja kutafuta fundi. Hii aliishughulikia kwa siku sita nzima wiki mbili zilizopita, na ilipoanza kutembea alicheka kwa furaha.

Hakucheka peke yake. Elia, mchumba wake, ndiye aliyeileta, naye alikuwa ameketi pembeni yake.

"Imekamatwa juzi kwenye kivuko cha Kilambo," alisema sajini. "Mvushaji wa mtumbwi alikuwa nayo, pamoja na risiti yenu. Mwenzangu akaiweka sikioni, kimya. Akamwuliza, ndugu, risiti inasema imetengenezwa, mbona haitembei? Yule bwana akajitupa majini, akaogelea mpaka ng'ambo."

Akatia ukucha kwenye ukingo wa saa. Kifuniko cha nyuma kikafunguka, kisha kile cha ndani. Akakunjua kikaratasi chembamba. Ndani yake yalikuwapo mawe saba, madogo kama chenga za mchele, hayang'ai, yana rangi ya maji ya sabuni.

"Almasi hizi. Zimetoka mgodini kule Usukumani, bado hazijachongwa. Ndizo zilizoibana mashine."

Upande wa ndani wa kifuniko Somoe aliona mkwaruzo wake mwenyewe, herufi S na tarehe, alama ambayo fundi huiacha ili siku nyingine ajue kazi ni yake.

"Nani aliileta hapa?" aliuliza sajini. "Risiti haina jina la mtu. Imeandikwa Kilambo tu."

Somoe alifungua mdomo. Hakujua angesema nini, na hata miaka ya baadaye hakujua, kwa sababu baba yake alisimama kabla yake.

"Mimi ndiye niliyeipokea," mzee alisema.

"Baba!"

"Kaa, mama. Una saa ya mwalimu hapo." Akageukia iliko sauti ya sajini. "Duka langu, muhuri wangu. Aliyeileta simjui. Macho sina, kama unavyoona."

"Mzee, utanilazimisha nikuchukue."

"Basi nipe bega lako. Sijui ngazi za kituo chenu."

Wakaondoka naye. Alikwenda kofia kichwani, mkono mmoja begani mwa askari, akinyanyua miguu juu kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayepita kwenye maji. Wenye maduka walitoka vizingitini kutazama.

Shangazi Mwanakombo, dada wa baba yake, alifika akihema, ushungi umemwanguka mabegani.

"Ni yule mtu wako wa bara," alisema. "Usinifiche, Somoe. Mimi ndiye niliyekulea."

"Shangazi, niache kwanza."

"Nikuache! Nilisema tangu mwanzo. Nikasema huyu ni Mkristo, ametoka huko Usukumani, hatuwajui wazazi wake wala makaburi yao. Ukalia mwezi mzima. Kaka yangu akalegea kwa machozi yako. Leo yuko wapi kaka yangu?"

Kila neno lilikuwa kweli. Elia alikuwa karani wa bandari. Mara ya kwanza aliingia dukani na saa ya mkononi iliyovunjika kioo, ya pili na saa ambayo haikuwa na ubovu wowote, na mara ya tatu hakuja na saa. Miaka miwili ilipita kabla mzee hajakubali posa. Elia alikuwa tayari kusilimu, jina lilikwisha chaguliwa, Iliyasa, na nikaha ilikuwa imewekwa mwezi wa Mfunguo Pili. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Somoe alifunga duka, akajitanda, akatembea mpaka nyumba za wafanyakazi wa bandari bila kusimama.

*

Elia alikuwa barazani anapiga pasi shati lake la kazi. Alipomwona uso ulimchanua, kama ulivyochanua kila mara kwa miaka miwili. Kisha akamtazama vizuri, akaiacha pasi juu ya shati.

"Kilambo?" aliuliza.

Somoe alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alitaka kumwuliza kama ni yeye aliyeyatia mawe ndani ya saa. Alitaka, Mungu amsamehe, kumsikia akikataa. Neno lile moja lilimaliza yote.

"Saa ilisimama, Elia."

"Wamemkamata Stefano?"

"Mvushaji wako aliogelea. Wamemkamata baba."

Elia aliketi kwenye kizingiti kana kwamba amesukumwa.

"Mzee? Mzee hajui chochote!"

"Amesema ni yeye aliyeipokea. Amesema kabla sijasema mimi. Ni saa ngapi ulizovusha, Elia? Niambie kweli."

"Nne."

"Zote nne nilizitengeneza mimi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa ukikaa pembeni yangu. Siku sita ukakaa pembeni yangu na saa ile. Nikadhani mtu huyu anapenda kazi yangu. Kumbe unangoja nimalize."

"Nilikuwa nakutazama wewe, Somoe. Wallahi, si saa."

"Usiape kwa kiapo chetu. Bado hujawa wetu."

Alisema hivyo akaumia yeye mwenyewe, maana aliona jinsi neno lilivyomwingia Elia. Harufu ya shati lililoungua ikaanza kutoka chini ya pasi, na hakuna aliyeinyanyua.

"Paulo hakufa kwa malaria," alisema Elia mwishowe.

Somoe alimjua Paulo kwa picha tu, mdogo wake Elia aliyefanya kazi mgodini, kijana mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Msiba wake ulikuwa mwaka uliopita. Elia alikwenda kuzika, akarudi amekonda, na tangu siku hiyo Somoe alimpenda kwa huruma zaidi.

"Alimeza jiwe," Elia aliendelea. "Huwa wanameza ili wapite langoni. Yale mengine yalitoka. Hilo moja lilikuwa na pembe, likamchana ndani. Akaogopa kwenda hospitali, kwa sababu wangempiga picha wangeliona. Nilimkuta chumbani amelala na tumbo gumu kama ubao. Akanipa kopo la rangi ya viatu, ndani mna mawe yale mengine. Akaniambia, kaka, mama asipate shida tena. Akafa mkono wake ukiwa mkononi mwangu, akinitazama. Mama nilimwambia malaria."

Somoe alikuwa analia bila sauti.

"Ungeniambia mimi."

"Ningekuambia nini? Kwamba mahari yako ina damu ya ndugu yangu? Nilitaka kuyatupa baharini, Somoe. Nilikwenda nalo kopo mpaka mwisho wa gati. Nikashindwa. Nikasema nikiyatupa, Paulo atakuwa amekufa bure."

"Na ukiyauza, atakuwa amekufa kwa ajili ya nini?"

Elia aliiondoa pasi juu ya shati.

"Kuna vijana wengine kule mgodini," alisema Somoe. "Wakisikia kuna mtu Mtwara anayevusha, nao watameza. Hilo hukuliwaza?"

"Niliwaza. Kila siku niliwaza." Akainuka ghafla, akamshika mikono yote miwili. "Nisikilize. Stefano yuko ng'ambo. Kesho alfajiri tunaweza kuwa Kilambo. Tuvuke. Kuna kazi bandarini Pemba, ile ya Msumbiji, nimeambiwa. Mzee ni kipofu, watamwachia tu, watamshikilia siku mbili wamwachie. Twende, mke wangu. Tutaoana huko."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo. Somoe alikuwa amelingoja neno lile muda mrefu, naye akalisikia likitumika kumvuta mtoni. Aliitazama mikono yake ndani ya mikono ya Elia. Alitaka kuiacha hapo. Aliiondoa kidole kimoja kimoja.

"Baba anajua nyumba yetu kwa hatua," alisema. "Kutoka kitandani mpaka kwenye mtungi ni hatua kumi na moja. Leo yuko mahabusu, Elia. Nani kamwonyesha maji yalipo?"

Elia aligeuza uso.

"Sikukutaja," Somoe aliendelea. "Sajini aliniuliza, sikukutaja. Wala kesho sitakutaja, wala kesho kutwa. Siwezi kuwa mtu wa kukuuza. Lakini kesho adhuhuri, kama baba bado yuko ndani, nitakwenda kituoni niwaambie saa niliipokea mimi. Alama ya ndani ni yangu, watalinganisha. Wanifunge mimi, yeye wamwachie."

"Usifanye hivyo! Somoe, usithubutu!"

"Mimi nimekwisha sema langu."

"Kwa hiyo unanitaka niende."

"Sitaki uende." Sasa alilia kwa sauti, kama mtoto, ushungi umejaa machozi. "Nataka tuoane Mfunguo Pili. Nataka uingie dukani kesho na saa isiyo na ubovu. Lakini nani atanipa hayo?"

"Bado unanipenda?"

"Hilo ndilo linaloniua. Ningekuwa sikupendi, ningekwenda kituoni kwanza, hapa nisingefika."

Alishuka barazani. Elia alimwita mara moja, kwa sauti ndogo. Hakugeuka, kwa sababu alijua akigeuka atarudi.

*

Siku ya pili aliamka akaosha vyombo, akakunja doti mbili za kanga, sabuni na mswaki ndani ya kikapu. Shangazi Mwanakombo alimtazama akifunga, akaelewa taratibu.

"Unakwenda kujitoa wewe," alisema. "Unamfichia yeye."

"Sikumficha. Nimemwachia nafasi."

"Na asipoitumia?"

"Nitajua sikumjua."

Shangazi alifungua mdomo kugomba, kisha akafanya jambo ambalo Somoe hakulitegemea. Alimvuta kifuani, akamkumbatia kwa nguvu.

Adhana ya adhuhuri ilimkuta amefika lango la kituo. Pale langoni alikuwapo baba yake, fimbo mpya ya mwanzi mkononi, yule sajini kando yake.

"Ni wewe, Somoe," mzee alisema. "Nimezijua ndara zako."

Somoe akaangusha kikapu, akamshika usoni, mabegani, mikononi, kuhakikisha ni mzima.

"Elia amekuja tangu alfajiri," baba yake alisema polepole. "Kabla hajawaambia askari neno lolote aliomba anitoe nje nikatawadhe. Akanishika mkono mpaka bombani. Akanisubiri niswali. Ndipo akaenda kuandikisha maneno yake. Akawapa na kopo lenye mawe yaliyobaki."

Somoe aliokota kikapu.

"Nilimjua tangu jana," mzee aliongeza. "Sauti ya aliyeileta saa ile naijua. Nilisema simjui kwa sababu yako."

"Baba, nisamehe."

"Nenda kamwone. Wanampeleka Lindi leo. Mimi nitakaa hapa."

Sajini aliwapa dakika chache kwenye benchi la veranda, akajitenga hatua kadhaa, akawapa mgongo. Elia alikuwa na pingu. Alikuwa amevaa shati jeupe lenye alama ya pasi mgongoni, kahawia, ndilo lile la jana. Hakuwa na jingine safi.

Walikaa bega kwa bega kama walivyozoea kukaa dukani.

"Wamesema inaweza kufika miaka saba," alisema.

"Nimesikia."

"Usiningoje, Somoe. Una miaka ishirini na minne. Mwambie shangazi akutafutie mtu."

"Sijakuahidi kungoja," alijibu. Hakutaka kumdanganya. "Umenitumia, Elia. Mikono yangu. Jina la baba. Nikifunga macho nakupenda, nikiyafungua naziona zile saa nne. Sijui ni siku ngapi zitapita mpaka niache kuziona."

Elia aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtiririka na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya pingu, Somoe akayafuta kwa ncha ya ushungi. Sajini alikohoa, lakini hakugeuka.

"Nina ombi moja," alisema Elia. "Mama hajui kusoma, kuna katekista anayemsomea. Hajui lolote. Alikuwa na watoto wawili tu. Mwandikie wewe. Mimi mkono wangu hautafika mwisho wa barua."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie la kweli juu yangu. La Paulo mwachie kama alivyolipokea. Mzigo huo niachieni mimi."

Lori liliwashwa uani. Elia alisimama. Somoe alimwangalia akipanda kwa shida kwa sababu ya mikono iliyofungwa, akamwangalia akiketi, akiinamisha kichwa, na hata lori lilipopita langoni hakuinua uso. Labda naye alijua akitazama atavunjika.

*

Miezi miwili baadaye hukumu ilitoka Lindi. Ikawa miaka saba kamili. Mfunguo Pili ulikuwa umekwisha pita. Kanga za harusi Shangazi Mwanakombo alizifunga mwenyewe, akaziweka sandukuni bila kusema neno. Baadhi ya wateja waliacha kuja dukani, wengine walirudi kidogo kidogo. Mgane mmoja wa Mikindani mwenye mikorosho mingi, Salumu, alimtuma mshenga. Somoe akajibu kwa adabu kwamba bado.

Barua ndiyo iliyomshinda. Alasiri moja alifunga mlango wa duka mapema, akachukua daftari, akaandika, akachana. Akaandika tena, akachana. Baba yake alisikia karatasi zikipasuka moja baada ya nyingine.

"Unaandika nini unachokichana?"

"Barua kwa mama yake Elia. Habari ninaweza kuziandika, Baba. Nakwama mwanzo. Sijui nijiite nani. Nikiandika fundi saa wa Mtwara, atauliza fundi saa ana nini na mwanawe. Nikiandika rafiki, ni uongo. Mchumba, siye tena."

Mzee alizisikiliza saa ukutani.

"Andika lile ambalo kesho hutataka kulifuta," alisema.

Somoe alikaa na kalamu mkononi. Alimfikiria mwanamke yule ambaye hakuwahi kumwona, nyumbani kwake huko bara, aliyempoteza mwana mmoja na sasa angesomewa na mtu baki kwamba wa pili amefungwa. Alimfikiria akimwuliza katekista, huyu anayeniandikia ni nani? Akajiona yeye ndiye mtu pekee duniani anayemlilia Elia pamoja na mama huyo. Chuki aliitafuta moyoni, akakuta imebaki kidogo kuliko alivyotaka.

Akafungua ukurasa mpya. Safari hii mkono haukusita.

"Mama, shikamoo. Mimi ni Somoe, mkweo, nakuandikia kutoka Mtwara. Kaa chini kwanza, Mama, ndipo usomewe. Elia yu hai."